Jirani na Idadi ya Watoto

Twafundisha darasani kwamba Wakenya walipunguza uzazi kwa sababu ya elimu, zahanati na ugumu wa maisha. Ni kweli, walakini kila nimalizapo kuyaandika hayo ubaoni, nahisi nimewaficha wanafunzi jambo.

Mpango wa taifa wa uzazi ulianzishwa mwaka wa 1967. Miaka kumi baadaye, uchunguzi wa 1977-78 ulionyesha kuwa mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Kufikia 1998 wastani huo ulikuwa 4.7, na mwaka wa 2022 ukawa 3.4. Je, nani aliyewapa watu ruhusa? Maana dawa bila ruhusa hubaki kabatini.

Hapa Landless, Thika, wapangaji wengi huchota maji kwenye mfereji mmoja. Bibi mmoja jirani yangu amenisimulia kuwa miaka ya themanini, akiwa na watoto watano, alilipita bango la zahanati mara nyingi asilijali. Lakini mama wa chumba cha pili alikuwa na watatu, na hakuna aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo. Siku moja wakifua nguo, bibi huyu alimwuliza kwa sauti ya chini amefanyaje. Juma lililofuata walikwenda zahanati pamoja.

Si hadithi ya ploti moja. Tangu 1994 wataalamu walifuatilia mazungumzo ya aina hii huko Nyanza Kusini. Walitambua kwamba palipokuwa na soko lenye shughuli nyingi, jirani alimwongezea mwenzake maarifa. Palipokosa shughuli hizo, jirani alikuwa mlinzi wa desturi, na mwanamke alifuata walivyofanya wenzake. Hata Ubelgiji, uzazi ulishuka upande wa wasemao Kifaransa kabla ya upande wa wasemao Kiholanzi, ijapokuwa vijiji vilipakana. Watu humwiga wanayeelewana naye.

Nisiwasifu majirani kupita kiasi. Mfereji uo huo ulivumisha kwamba vidonge hurundikana tumboni, na waliosadiki walikuwa wengi.

Walimu wenzangu, waagizeni wanafunzi wakawaulize nyanya zao ni nani aliyewatajia habari hizi mara ya kwanza. Wawaulize pia waliotamani kupumzika kuzaa wakaogopa kusemwa. Bibi yangu wa mfereji asema alimficha mama mkwe wake kwa miaka minne, na aliyemfunikia siri ni yule yule wa chumba cha pili.