Injini ya zamani kwenye vyuma chakavu: utaijuaje?

Ukiishi Uingereza na ukatembea nje kidogo ya miji, yadi za vyuma chakavu utazijua: magari yaliyopondwa, mabomba, vipande vya matrekta, na huko nyuma kabisa, kwenye majani, donge la chuma lenye magurudumu mawili makubwa ubavuni. Aliyekulia kijijini Tanzania au Kenya lazima asimame. Ile ni mashine ya kusaga! Ule mdundo wa polepole uliosikika toka ng'ambo ya mto, na foleni ya watoto na madebe ya mahindi. Hapo ndipo wazo huingia: tuchange, tuinunue, tuitie kwenye kontena, wazee nyumbani wapate kinu.

Wazo si baya. Lakini mwenye yadi anauza kwa kilo, na kwake haijalishi kama chuma kile ni injini au nanga ya meli. Anayepaswa kujua ni wewe unayelipa nauli ya meli. Kuna na jambo zito kuliko pesa, nitalifikia.

Swali la kwanza si jina. Ni hili: hii ni dizeli kweli? Yadi za huku zimejaa injini ndogo za petroli zilizotumika mashambani, kama Lister D iliyoanza kuundwa mwaka 1926. Ina nguvu farasi moja na nusu tu, haitasaga gunia. Tafuta plagi kichwani na waya mnene unaotoka kwenye magneto. Ukiviona, si dizeli, hata kama mtu ameandika "diesel" kwa chaki. Dizeli haina cheche. Ina pampu ndogo nzito, na kutoka hapo bomba jembamba la chuma kigumu linakwenda hadi kwenye nozeli. Kama bomba limeng'olewa, angalia tundu lake na pampu yenyewe. Tangi lenye vyumba viwili nalo ni dalili: ya namna hiyo ilikuwa ikiwashwa kwa petroli, kisha ikihamishiwa mafuta ya taa.

Ukikuta mwishoni mwa kichwa kuna tufe la chuma kama chungu, ambalo zamani lilipashwa moto kwa taa ya pampu kabla ya kuwasha, usiinunue kwa ajili ya kinu. Hiyo ni ya ukoo wa Hornsby-Akroyd, iliyoanza kufanya kazi kabla Rudolf Diesel hajaonyesha injini yake huko Augsburg mwaka 1897. Mwambie mwenye yadi asiikate, na uwaarifu watu wa makumbusho. Anson Engine Museum, huko Poynton, Cheshire, wanazijua sana.

Sasa jina. Kila mtu hukimbilia kibati cha shaba, na mara nyingi hakipo, kwa sababu wakusanyaji huvibandua na kuviuza peke yake. Hata kilichopo kinaweza kuwa kimetoka kwenye injini nyingine. Rangi ndiyo isiyofaa kabisa. Kijani kinauzwa dukani. Kosa lingine la kawaida ni kusoma jina la kifaa ukadhani ni la injini. CAV, Bryce, Simms na Bosch ni watengenezaji wa pampu na nozeli, na utazikuta juu ya injini za viwanda vingi. Anayesema "nimepata injini ya Bryce" bado hajapata jina.

Soma chuma chenyewe. Herufi zilizovimba zilitoka kwenye kalibu pamoja na chuma. Huwezi kuzibandua. Nambari zilizovimba, lakini, ni za umbo la kipande hicho, na maelfu ya injini zinazo zilezile. Nambari ya injini yako imezama, imepigwa kwa nyundo herufi moja moja, na ndiyo maana mara nyingi imepinda. Sugua kwa brashi ya waya ya mkono, pitisha chaki, futa juu: weupe utabaki ndani ya maandishi. Msitumie grainda. Vijana wetu wanaipenda grainda, nayo hula nambari pamoja na kutu.

Lister ya mashine ya kusaga, ile ya Dursley, Gloucestershire, huitwa CS. Iliundwa kuanzia karibu mwaka 1930 hadi 1987. Silinda yake imesimama wima, inapozwa kwa maji, na jina la kiwanda kwa kawaida limevimba kwenye mlango wa chini wa injini. Nyingi zina kigurudumu kidogo cha mkono ubavuni mwa kichwa. Hicho ni cha kuongeza mgandamizo wakati wa kuwasha asubuhi ya baridi. Ukifungua mlango unaweza kupima mwendo wa pistoni: milimita 139.7, yaani inchi tano na nusu. Silinda ina upana wa milimita 114.3. Na usishangae spana zako za milimita zikikataa. Injini za Kiingereza za enzi hizo hutumia nati za Whitworth, na hilo peke yake hutenga Mwingereza na Mjerumani.

Aina husomwa hivi: 6/1 ni nguvu farasi sita, silinda moja, 12/2 ni kumi na mbili, silinda mbili. Wachina wanasema kinyume. S195, ile iliyolala ubavu na inayouzwa hadi leo Afrika Mashariki, ni silinda moja yenye upana wa milimita 95. Kwenye Deutz, herufi L ni ya Luft, hewa kwa Kijerumani: injini inapozwa kwa upepo, na mapezi ya silinda utayaona.

Hapa ndipo kwenye jambo zito. Lister 6/1 na 8/1 zinafanana kama mapacha, ila 6/1 huzunguka mara 650 kwa dakika na 8/1 mara 850. Ile ya polepole kwa kawaida ina magurudumu yenye spoku. Ya kasi ina ya sahani nzima. Mtu akiichukua 6/1 akaambiwa ni 8/1, atakaza gavana mpaka kinu kiende kama cha jirani. Nguvu inayovuta ukingo wa gurudumu kwenda nje hupanda kwa mraba wa kasi: kutoka 650 hadi 850 inaongezeka kwa asilimia 70 hivi. Chuma cha kalibu chenye ufa usioonekana hakitoi onyo kabla ya kupasuka, na kwenye chumba cha kusagia kuna mama na watoto wamesimama hatua mbili kutoka hapo. Gonga kila spoku kwa nyundo ndogo. Inayolia kama kengele ni nzima. Yenye sauti ya kopo usiizungushe.

Mlango ukiwa hauna jina, au una jina usilolijua, huenda mbele yako ni nakala ya Rajkot, Gujarat. Mafundi wa huko wamenakili CS kwa miongo mingi. Wengine watakuambia uikimbie. Mimi sisemi hivyo. Kwa kinu cha kijijini naona nakala nzima ni bora kuliko Dursley iliyooza, kwa sababu vipuri vyake vingi huingiliana na vya asili. Ila ifungue kwanza. Mchanga wa kalibu umewahi kukutwa ndani ya nakala mpya kabisa, na mchanga huo hula beringi kwa muda mfupi.

Kabla ya kuondoka piga picha nne: mlango, kichwa upande wa pampu, gurudumu likiwa na futi kamba juu yake, na nambari iliyopakwa chaki. Mtumie fundi wa nyumbani atakayeiendesha, si mjomba aliyeko London. Kisha mwombe mwenye yadi akuwekee hadi Jumamosi, na umlipe kidogo kwa hilo, maana lori la kwenda kuyeyusha halina siku maalumu.