Lisemwalo Si Lazima Liwepo

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja. Methali hii tunafundishwa tangu shule ya msingi na wengi wetu tunaitumia bila kuipima. Katika insha hii naipinga. Inapotumiwa kuelezea historia ya nchi yetu ni methali ya hatari, na hatari yenyewe tayari inaonekana Gitega tunakosoma na Muyinga nilikozaliwa.

Jambo linalosemwa ni hili. Ukikaa na vijana jioni kwenye mabweni, au ukiwa safarini kutoka Gitega kwenda Muyinga kwa barabara ya Karuzi, utasikia kwamba Gitega ni mji mkuu wa kale ulioanzishwa na chama cha siri. Utaambiwa kwamba wafalme wa Burundi hawakuwa na uwezo wowote, bali waliendeshwa na kundi la watu wa siri walioitwa abanyamabanga, na kwamba watu hao ni sawa na frimasoni wa Ulaya. Utaambiwa kwamba chama hicho hakijafa, na kwamba ndicho kilichorudisha makao makuu Gitega. Msimulizi ana simu yenye video, video ina muziki wa kutisha, na wasikilizaji wanatikisa vichwa. Hakuna anayeuliza: nani kasema, lini, na alijuaje?

Tuanze na mji wenyewe. Gitega kama mji haukujengwa na Ntare Rushatsi. Wafalme wetu wa zamani hawakuwa na mji mkuu mmoja kwa maana tunayoifahamu leo. Walikuwa na makao mengi vilimani, nao walihama kutoka boma moja hadi jingine, hasa katika nchi ya Muramvya. Ni kweli kwamba maeneo ya Gitega yana alama kubwa za ufalme. Kilima cha Gishora, kilomita chache kutoka mjini, kinahusishwa na Mwezi Gisabo na ushindi wake juu ya Ntibirangwa aliyemwasi, na hadi leo zipo pale ngoma takatifu Ruciteme na Murimirwa. Lakini mji wa ofisi na barabara ulianzishwa na Wajerumani, waliohamishia makao yao ya utawala hapa mwaka 1912. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ya kisiasa ulitangazwa hadharani mwishoni mwa 2018, sheria ikafuata mapema 2019. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi huo au kuupinga, lakini asiseme ulitoka pangoni wakati redio zote ziliutangaza.

Sasa tuwatazame hao abanyamabanga. Walikuwepo, na sina nia ya kuwafuta. Kazi zao zinajulikana. Walitunza utaratibu wa umuganuro, sherehe ya mtama ya kila mwaka, ambapo mfalme alifungua msimu wa kupanda kwa nchi nzima. Walihusika na ngoma kuu ya ufalme, Karyenda. Walishughulikia mazishi ya wafalme na ulinzi wa makaburi yao kule kaskazini-magharibi, karibu na msitu wa Kibira. Walijua mpangilio wa majina ya kifalme, Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, na walikuwa na neno katika suala la nani arithi. Wengi wao walitoka katika koo za Wahutu. Walilima, walifuga, waliishi vilimani pamoja na majirani zao, na watu walijua ni ukoo gani una kazi gani.

Je, walikuwa na siri? Ndiyo. Lakini kuwa na siri ni jambo moja, na kuwa chama cha siri ni jambo jingine kabisa. Mfalme akifa na mrithi wake bado ni mtoto, habari ikitoka mapema wakuu watapigana. Kwa hiyo kuna watu wanaoaminiwa kuishika habari hiyo mpaka mambo yawe tayari. Hata mitihani ya taifa hufungwa katika bahasha, ikalindwa, na wachache tu huiona kabla ya siku yake. Je, wanaoilinda ni frimasoni? Makardinali hujifungia Roma kumchagua Papa, na dunia nzima inajua wamejifungia kufanya nini. Siri ya namna hii ni sehemu ya kazi, na kazi yenyewe inafahamika.

Lugha ya Kirundi inatusaidia hapa kuliko video yoyote. Neno ibanga lina maana ya siri, lakini pia lina maana ya dhamana, jambo ambalo mtu amekabidhiwa. Leo hii katibu wa ofisi huitwa umunyamabanga, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ni umunyamabanga mukuru. Anayedai kwamba abanyamabanga wa mfalme walikuwa chama cha kishetani, basi awe na msimamo: aende pia kwa katibu wa kitivo akamwambie hivyo.

Kuhusu frimasoni wenyewe, hesabu ya miaka inatosha. Baraza lao kuu la Uingereza lilianzishwa London mwaka 1717. Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, Stanley na Livingstone walipita Mugere mwaka 1871, na Mzungu aliyekatiza nchi yetu kwa ndani, Oscar Baumann kutoka Austria, alifika mwaka 1892. Abanyamabanga walikuwa kazini kabla ya hao wote. Walipata wapi hiyo kadi ya uanachama?

Huyo Baumann anastahili kukumbukwa, kwa sababu ndiye mfano wa kale wa kosa hili. Aliona watu wakimshangilia, akasikia jina la Mwezi, akasikia habari za makaburi ya wafalme, akachanganya yote na hadithi za Ulaya kuhusu Milima ya Mwezi. Akaandika kana kwamba mfalme Mwezi alikwisha kufa zamani. Wakati huo Mwezi Gisabo alikuwa hai katika nchi yake, na aliendelea kutawala hadi 1908. Mtu alipita katika nchi ya mfalme aliye hai akaandika kitabu kinachomzika. Tunamcheka Baumann, lakini anayesambaza video za chama cha siri cha Gitega anafanya kazi ileile, tena yeye hana kisingizio cha ugeni.

Wapo watakaoniambia: ni hadithi tu, waache vijana wafurahi. Nina majibu mawili.

La kwanza: hadithi nazipenda, na fasihi ya Kiswahili imetuonyesha jinsi ya kuzitumia. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, mwaka 1969, alieleza wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha fikra zake, hata kama anafanana na yule wa Vita vya Majimaji. Hakumdanganya msomaji. Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale anatuweka mahali panapoogopwa, penye kifo na minong'ono ya mizimu, halafu analeta Bwana Msa, mtu wa kiko na maswali, anayetafuta mkono wa binadamu nyuma ya fumbo. Hata Waingereza wana jambo hili. Katika mji wa Winchester, uliokuwa makao ya wafalme wa Wessex, kuna meza kubwa ya mviringo imetundikwa ukutani, imeandikwa majina ya mashujaa wa mfalme Arthur. Kwa karne nyingi watu waliamini ni meza yake. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliipima mbao zake, wakakuta ni ya karne ya 13, mamia ya miaka baada ya wakati anaodhaniwa Arthur kuishi, na rangi zake ni za wakati wa Henry VIII. Meza haikutupwa. Mgeni anaionyeshwa, anasimuliwa hadithi ya Arthur, na anaambiwa umri wa mbao. Hadithi na ukweli vinakaa chumba kimoja, kila kimoja na jina lake. Hicho ndicho ninachokidai kwa Gitega.

La pili ni zito zaidi: katika nchi hii hadithi za njama za siri hazikuwahi kuwa burudani tu. Katika eneo letu lote la Maziwa Makuu, Speke alitoa mwaka 1863 nadharia yake kwamba watawala wa huku ni watu wa asili nyingine waliotoka mbali. Nadharia haikuwa na ushahidi, lakini ilifundishwa, ikaaminiwa, na baadaye watu wakaitumia kuwaogopa na kuwaua majirani. Mwaka 1972 katika nchi yetu neno abamenja, wasaliti, lilitosha. Walimu na wanafunzi walichukuliwa madarasani kwa tuhuma kwamba wamo katika njama, na wengi hawakurudi. Mwaka huohuo, tarehe 29 Aprili, Ntare V, mfalme wa mwisho, aliuawa hapahapa Gitega. Nchi iliyopita huko haiwezi kuchezea sentensi inayoanza na "kuna kundi la siri linalotutawala". Leo kundi hilo linaitwa frimasoni, kesho litapewa jina la kabila, ukoo au dini.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Neno Mswahili katika nchi yetu limebebeshwa maana ya mjanja na mwongo, na wazee wetu wa Buyenzi, wa Gitega na wa Muyinga wameishi na sifa hiyo ambayo hawakuiomba. Afrika Mashariki nzima inakumbuka uvumi wa mumiani wakati wa ukoloni, ambapo hata wazima moto walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Aliyewahi kuzuliwa asiwe mzushi.

Madhara ya uvumi huu yamekwisha kufika vijijini. Huko Muyinga namjua mzee ambaye babu zake walikuwa na kazi katika mila za zamani. Alikuwa akisimulia umuganuro vizuri, mtama ulivyoandaliwa na ngoma zilivyopigwa. Sasa hasimulii tena. Vijana wa kilima chake walianza kumwita frimasoni, mwanzo kwa utani, kisha bila utani, na wanawe wakamwomba anyamaze. Huyo mzee ni maktaba iliyofungwa na uvumi. Umuganuro wenyewe ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, enzi ya Wabelgiji, wakati mila hizi zilipohukumiwa kuwa ushenzi. Wakoloni waliwanyamazisha abanyamabanga kwa kuwaita wapagani, nasi tunawanyamazisha wajukuu wao kwa kuwaita mashetani. Nani amefanya vibaya zaidi?

Tena kuna dharau iliyojificha ndani ya hadithi hizi. Anayesema kwamba abanyamabanga walikuwa tawi la chama cha Ulaya anasema kwa maneno mengine kwamba Warundi hawakuweza kubuni utaratibu wao wa kurithishana madaraka, kalenda yao ya kilimo, wala ngoma yao. Katika Kirundi ingoma ni ngoma, na ingoma ni utawala. Watu waliofikiri hivyo hawakuhitaji kuazima akili London. UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014 kwa sababu ni kazi ya watu wetu.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya kusambaza jambo lolote la historia, tuulize maswali matatu: nani anasema, alijuaje, na je, kuna mwingine asiyemtegemea anayesema hilohilo? Pili, kila mwanafunzi anaporudi likizo, awe wa Muyinga au wa Makamba, arekodi mzee mmoja kwa ridhaa yake, aandike tarehe, kilima na maneno aliyoyasema, bila kuongeza chumvi. Simu inayobeba uvumi inaweza pia kubeba ushahidi. Tatu, nawaomba wahadhiri wetu kwa heshima: somo la fasihi simulizi lisiishie kwenye methali na vitendawili vya pwani. Makumbusho ya Taifa yako hapa Gitega tangu 1955, na Gishora si mbali. Kazi za wanahistoria wetu kama Émile Mworoha zimeandikwa kwa Kifaransa, na wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuzifikisha kwa wasomaji wa Kobero, Ngara na Kigoma. Nne, anayetaka kuandika riwaya ya chama cha siri cha Gitega aiandike, nami nitainunua, mradi jalada liseme ni riwaya.

Wahenga walisema pia: siri ya mtungi aijuaye kata. Kata bado zipo vilimani, ni chache, na zinazeeka. Twendeni tukaziulize kabla hazijavunjika, tuache kusikiliza waliousikia mtungi kwa mbali.