Jumba Katikati ya Mpunga

Wauzaji wa starehe wamezoea kuyasifu majumba ya mapumziko ya kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, kwa sifa mbili zisizoweza kukaa pamoja. Kwanza husema kuwa jumba lipo faraghani, mbali na macho na makelele ya watu. Kisha husema kuwa limezungukwa pande zote na mashamba ya mpunga. Picha huonyesha kitanda chenye chandarua cheupe, bwawa la kuogelea lenye maji ya samawati, na nyuma yake matuta ya kijani yakiteremka ngazi kwa ngazi mpaka bondeni. Mtu hayumo. Mwanafunzi aliyezaliwa Mwea akiiona picha hiyo atacheka, maana ajua kuwa shamba la mpunga halina faragha. Kuna kulima matopeni, kuna kupandikiza miche mgongo umepinda, kuna kupalilia, kuna kufukuza ndege tangu alfajiri hata magharibi, kuna kuvuna na kupura.

Nashikilia kwamba faragha hiyo ni uwongo, tena ni uwongo wenye madhara, kwa sababu mtu anayeaminishwa kuwa mahali hapana mwenyewe haoni vibaya kuchukua kilichopo.

Huko Bali maji ya mpunga si mali ya mtu mmoja. Wakulima wote wanaonyweshea mashamba yao kwa chanzo kimoja huwa ni chama kimoja kiitwacho subak, na utaratibu huo ulianza katika karne ya 9. Chama kina mkuu wake, aitwaye pekaseh, kina sheria zake na faini zake, na kina mahekalu yake ya maji, kwa kuwa wengi wa wenyeji ni Wahindu. Maji hushuka kutoka milimani, hupita katika mifereji na katika mashimo yaliyopenyezwa chini ya vilima, na shamba la juu huyapokeza shamba la chini. Wanachama hukubaliana siku za kupanda na siku za kuyapumzisha mashamba. Wakiyapumzisha wote kwa pamoja, panya na wadudu hukosa chakula bonde zima. Akipanda mmoja peke yake, huwafuga kwa hasara ya jirani zake. Katika miaka ya 1970 serikali iliwahimiza wakulima waiache ratiba ya mahekalu, wapande mbegu mpya mara nyingi kadiri iwezekanavyo. Wadudu wakafurika, na maji yakawa haba. Baadaye mtaalamu wa Kimarekani, J. Stephen Lansing, alionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba makuhani wa maji walikuwa wakifanya kazi ambayo wahandisi hawakuiona kabisa. Mwaka 2012 UNESCO ilitia mandhari ya subak, hektari 19,500, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilichoheshimiwa hapo ni mapatano ya watu. Rangi ya kijani ni matokeo yake tu.

Sasa litie jumba katikati ya mapatano hayo. Ukuta wa faragha huziba njia ya mkulima, na pengine msingi wake hukata mfereji, basi shamba la chini likakauka. Mwenye jumba hangoji zamu ya maji. Huchimba kisima kirefu na kulijaza bwawa lake wakati wowote. Tena shamba moja likiondoka, huondoka mtu mmoja katika kazi ya kusafisha mfereji, na mzigo wake huwaangukia waliobaki. Bei ya ardhi hupanda, na kodi ya ardhi, ambayo hukadiriwa kwa thamani ya mahali, hupanda pamoja nayo, hata mkulima akatozwa kwa ajili ya jumba la jirani ilhali mavuno yake ni yale yale. Mwisho naye huachia. Hujengwa jumba la pili, na la tatu, hata mgeni wa jumba la kwanza akifungua dirisha huona ukuta. Hapo wauzaji huhamia bonde jingine na kupiga picha mpya.

Najua majibu yao. Husema kuwa mkulima huachia shamba kwa hiari yake, na kwamba utalii huwapa vijana kazi. Hilo la pili ni kweli, wala sipendi mwanafunzi alidharau: mshahara wa mpishi na wa mtunza bustani umesomesha watoto wengi, na kazi ya tope haifai kupambwa kwa sifa na mwalimu aliyevaa viatu vikavu. Lakini mtu aliyesukumwa na kodi, akapungukiwa na maji, akaondokewa na jirani wa kusafisha naye mfereji, ana hiari gani? Sheria ya Indonesia haimruhusu mgeni kuimiliki ardhi kwa milki kamili. Kwa hiyo aghalabu shamba hukodishwa kwa miaka mingi. Muda ukiisha, mrithi wa mkulima hurudishiwa kiwanja chenye saruji. Udongo uliotengenezwa na vizazi haurudi.

Na hizo kazi zenyewe zimeegemea nini? Mwaka 2019 Bali, kisiwa chenye wakazi zaidi ya milioni 4, kilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 6. Ukaja ugonjwa wa korona. Mwaka 2021 takwimu rasmi zilihesabu watalii 51 tu walioingia kisiwani moja kwa moja kutoka ng'ambo, idadi ya darasa moja la kwetu. Wengi walioachishwa kazi mahotelini walirudi vijijini kulima. Waliokuwa na mahali pa kurudi ni wale ambao wazee wao hawakuwa wameachia mashamba.

Septemba 2025, baada ya mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 10, gavana wa Bali, Wayan Koster, alitangaza kuzuia vibali vipya vya kujenga hoteli na mikahawa katika ardhi ya kilimo. Ni neno jema, ingawa majumba yaliyokwisha kusimama hayasikii matangazo. Ningeongeza sharti dogo: kila tangazo la jumba la namna hii litaje jina la subak ambayo maji yake hupita hapo, idadi ya wanachama waliobaki, na kiasi ambacho jumba hutoa kila mwaka kwa kusafisha mfereji. Wauzaji watalalamika kwamba hakuna nafasi ya kuandika hayo yote. Nafasi ipo, waiondoe ile sentensi isemayo kwamba hapana watu.