Kulipwa si kulipiwa

Muhula uliopita mzazi mmoja alinijia akiwa na barua ya basari mkononi. Barua yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza na kuambatishwa tafsiri ya Kiswahili, nayo tafsiri ilisema kwamba mwanawe "atalipwa karo yote ya mwaka". Akaniuliza, "Mwalimu, fedha hizi tutazipata lini? Nimekwisha kuchukua sare dukani kwa mkopo." Niliposoma upande wa Kiingereza nilibaini kwamba mtoto yule hakuwa wa kulipwa chochote, alikuwa wa kulipiwa. Fedha zilikuwa zimekwenda moja kwa moja shuleni, na mzazi alikuwa akitazamia senti ambazo hazingefika mikononi mwake kamwe.

Irabu moja tu ndiyo iliyoleta msiba huo, na chanzo chake ni jinsi tunavyolifundisha neno la Kiingereza "pay". Mwanafunzi huambiwa tangu madarasa ya chini kwamba maana yake ni lipa, yakaishia hapo. Hiyo ni nusu ya ukweli. Katika Kiingereza, mtu anayepokea fedha hutenganishwa na kitu kinachogharimiwa kwa neno dogo "for". Ukimtaja fundi, neno hilo halihitajiki. Ukikitaja kiatu alichokishona, hapana budi liwepo. Kiswahili hakihitaji neno la pembeni, maadamu kazi hiyo hufanywa na kitenzi chenyewe katika kauli ya kutendea: tunamlipa fundi, lakini tunakilipia kiatu. Vivyo hivyo, fundi hulipwa, kiatu hulipiwa, na mtoto ambaye mjomba wake amemtolea karo pia hulipiwa. Mfasiri asiyelitilia maanani neno "for" hugeuza anayesaidiwa akawa mpokeaji wa fedha.

Lipo na tatizo la pili. Asili ya "pay" ni neno la Kilatini lenye maana ya kutuliza, lililotokana na neno la amani, nalo likaingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale. Mdai alipopewa haki yake, alitulia. Baadaye maana ilitanuka, na leo Mwingereza hutumia neno hilo hilo anapozungumzia kumsikiliza mtu kwa makini, kumtembelea au kumpa heshima.

Lipa letu halikufuata njia hiyo. Aghalabu ndani yake mna wazo la kurudisha kinachostahiki. Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga. Mtu hulipa wema kwa wema, au hulipa kwa mateke kama punda. Naye anayelipiza kisasi hurudisha ubaya aliotendewa. Ndiyo sababu mwanafunzi akiandika "tulimlipa mwalimu uangalifu" au "tulimlipa nyanya ziara", msomaji hubaki akijiuliza watoto hawa walikuwa wakidaiwa nini. Ilhali Kiswahili kina hazina tele: tega sikio, zingatia, zuru, tembelea, toa heshima.

Sisemi kwamba lugha isikope. Nisikiapo watu wakisema "biashara hii inalipa", siwakosoi, hata kama msemo huo unafanana na wa Kiingereza. Mtaji na jasho la mfanyabiashara ni mfano wa deni, nayo biashara njema hulirudisha. Mkopo kama huo umepata makao yake katika maana tuliyokuwa nayo.

Jambo hili si la darasani tu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwananchi ana haki ya kutarajia nyaraka za Kiswahili anazoweza kuzitegemea, ziwe za mikopo, za ajira au za matibabu. Mgonjwa anayeambiwa kwamba bima itamlipa na yule anayeambiwa kwamba itamlipia hawakuahidiwa jambo moja. Wa kwanza atangojea fedha; wa pili atatibiwa bila kutoa fedha zake.

Nionavyo mimi, walimu wenzangu, mnyambuliko wa vitenzi usifundishwe kama jedwali la kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Tuwape wanafunzi sentensi za barua, stakabadhi na mikataba, kisha tuwaulize: ni nani anayetoa, ni nani anayepokea, na ni kwa ajili ya nani au nini? Nanyi wanafunzi, kabla ya kuandika lipa kwa kuwa mmekutana na "pay", jiulizeni maswali hayo matatu.

Mzazi yule alikunja barua yake akaenda zake. Karo ya mwanawe ilikuwa imelipwa, lakini deni la sare lilibaki. Dawa yake ni kulipa, na hakuwapo wa kumlipia.