Sykes wa Kariakoo

Kamusi za majina ya Waingereza hazisumbuki na Sykes. Zinasema ni jina la kaskazini mwa Uingereza, hasa Yorkshire, na kwamba linatokana na neno la kale la kijito kidogo. Mwaka 2000 mwanajenetiki wa Oxford, Bryan Sykes, alichapisha utafiti wa vinasaba vya wanaume 48 wenye ubini kama wake. Karibu nusu yao walikutwa na alama moja ambayo mwanamume huirithi kwa baba yake, naye akaona kuwa huenda wote wenye jina hilo walianzia kwa mtu mmoja, karne nyingi zilizopita. Kwa Yorkshire, maelezo hayo yanatosha.

Kariakoo hayatoshi. Pale kuna Mtaa wa Kleist Sykes, ambao wazee waliuzoea kwa jina la Kipata. Ukoo ulioupa mtaa huo jina una watu wachache mno ukilinganisha na kina Mushi au kina Massawe, na asili yake ni Inhambane, Msumbiji. Tumeutanguliza katika toleo hili la majina ya ukoo kwa sababu hatujaona ubini mwingine Tanzania unaoonyesha wazi kiasi hiki jinsi jina la ukoo linavyozaliwa.

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa na serikali ya Ujerumani kuzima vita vya pwani vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi na Bwana Heri. Aliajiri askari Wasudani kutoka Misri, na wengine kutoka Msumbiji walioitwa Wazulu. Miongoni mwa hao wa Msumbiji alikuwamo Sykes Mbuwane. Desemba mwaka ule ule Abushiri alinyongwa Pangani. Wengi wa askari wale hawakurudi makwao. Walioa, wakazaa, wakawa wenyeji.

Mwaka 1894 Mbuwane alipata mtoto wa kiume, akaitwa Kleist, jina la ofisa wa Kijerumani. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, naye akalelewa na Effendi Plantan, mkubwa wa askari wale waliotoka Inhambane. Ukitaka kuijua nyumba ile, sikiliza majina ya watoto wa Plantan: Schneider Abdillah, Thomas Saudtz, Ramadhan Mashado. Jeshi la Mjerumani na Uislamu wa mji wa pwani vimo ndani ya jina la mtoto mmoja, na mama akimwita uani hakuna anayegeuka kushangaa. Kleist naye alikuwa na jina lake la Kiislamu, Abdallah.

Kwa desturi ya pwani mtu hutaja jina lake, la baba yake, kisha la babu yake, na orodha husonga mbele kila kizazi kinapoongezeka. Kwa hiyo Kleist alikuwa Kleist Sykes, maana yake Kleist mwana wa Sykes, basi. Wanawe wangeweza kuishia kwenye Kleist, na wajukuu wakaendelea na majina ya baba zao, Sykes akabaki babu wa kutajwa kwenye hitima tu. Haikuwa hivyo. Wanawe walijulikana kwa Sykes: Abdulwahid, Ally na Abbas. Mbuwane, jina alilotoka nalo babu yao Msumbiji, likarudi nyuma. Jina la mtu mmoja likasimama, likawa la ukoo.

Naamini lilisimama kwa sababu Kleist alikuwa mtu wa karatasi. Alisoma shule ya Wajerumani, akapigana upande wao chini ya von Lettow-Vorbeck katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha Waingereza walipoingia akawa karani wa reli. Mwaka 1929 alikuwa katibu mwanzilishi wa African Association, na mwaka 1933 akawa miongoni mwa walioasisi Al Jamiatul Islamiyya. Mtu anayeweka saini kwenye barua, mihutasari ya vikao na daftari za michango kwa miaka ishirini hawezi kubadilishabadilisha jina. Wanaopokea barua zake wanalizoea lilivyoandikwa, na watoto wake wanalikuta tayari lina heshima mjini. Ubini wa Sykes ulitengenezwa Dar es Salaam, kwa wino wa Kleist.

Alifariki mwaka 1949. Abdulwahid na Ally walikuwa wamekwisha kurudi kutoka Burma, walikopelekwa na jeshi la Mwingereza. Abdulwahid alikuja kuwa mkuu wa soko la Kariakoo, na katika TAA, chama kilichorithi ile African Association ya baba yake, alikuwa kiongozi kabla Julius Nyerere hajachaguliwa kuwa rais wake mwaka 1953. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ally Sykes, namba 3 ya Abdulwahid Sykes. Kutoka Wissmann hadi kadi zile ni miaka 65. Babu alikuja na bunduki ya kuitiisha pwani. Wajukuu walikaa mstari wa mbele kuiondoa serikali ya kikoloni. Jina lilikuwa lile lile.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka majina yenye sauti ya Kizungu yafutwe kwa kuwa ni mabaki ya ukoloni. Jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 1972 Mobutu aliwaamuru raia wa Zaire waache majina ya Kizungu, na watu wakalazimika kujiandika upya. Amri kama hiyo ingepita kwetu, Sykes ingekatwa kwa kalamu moja, na pamoja nayo ingekwenda njia nzima ya kutoka Inhambane kupitia Pangani hadi Kipata. Wala sikubaliani na wanaojivunia ubini wa kigeni kwa ugeni wake. Thamani ya Sykes imetoka kwa waliolibeba.

Tena tulikaribia kuipoteza habari hii hata bila amri ya mtu. Kwa miaka mingi masimulizi rasmi ya chama yaliwataja kina Sykes kwa uchache usiowastahili. Kilichookoa ni kwamba Kleist aliandika. Alifariki akiwa ameacha maandiko ya maisha yake, na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, binti ya Abdulwahid, akaandika habari za babu yake katika kitabu alichohariri John Iliffe mwaka 1973. Mwaka 1998 Mohamed Said akachapisha kitabu kizima juu ya Abdulwahid. Leo kijana akisikia Sykes huenda humjia kwanza Dully Sykes wa Bongo Fleva, naye ni wa ukoo huo huo. Ni vizuri, jina linaishi.

Wasomaji wengi wa gazeti hili hawana karani wa reli katika nasaba yao, lakini ubini wao unazaliwa sasa hivi, kwenye fomu. Fomu ya kitambulisho inataka jina la kwanza, la kati na la mwisho. Mwalimu wa darasa la kwanza alimwandika mtoto mkubwa kwa jina la babu, Hassan. Mdogo wake akaandikwa kwa jina la baba, Juma. Miaka thelathini baadaye baba akifariki, ndugu hao wa tumbo moja wanapeleka kiapo mahakamani kuthibitisha kuwa ni ndugu, ndipo wagawiwe mirathi. Kwa aliyehamia Muscat au Toronto, jina la mwisho kwenye pasipoti, hata kama liliandikwa na karani mwenye haraka, ndilo watakaloitwa wajukuu zake. Serikali inastahili lawama kwa fomu zake kugeuza desturi ya majina matatu bila kuwaeleza watu. Familia nazo zimelala.

Waandishi wa toleo hili wamefuata majina ya Pwani, ya Uchagani na ya Kagera, na kila mmoja amelazimika kuanzia kwa mzee mmoja au wawili wanaokumbuka. Nawaomba wasomaji mfanye kazi hiyo kwenu kabla ya kwenda kumwandikisha mtoto mwingine. Chukueni daftari, mkae na mzee aliyebaki, muandike majina hadi anapokoma kukumbuka, nani alimpa nani jina, mji gani, kazi gani, mwaka gani. Kisha kubalianeni ubini mmoja, na muuandike kwa tahajia moja kwenye cheti cha kila mtoto.