Dhiraa za Mto Naili

Wengi hudhani kuwa mafuriko yaliyostawisha Misri ya kale yalitoka katika Ziwa Victoria. Sivyo. Maji yapitayo Jinja hayabadiliki sana kwa majira, na mengi hukaushwa na jua katika vinamasi vya Sudan Kusini. Mafuriko yenyewe yaliletwa na mvua za milima ya Ethiopia, kwa njia ya Naili ya Buluu na mto Atbara, yakafika Misri kati ya Julai na Oktoba yakiwa yamebeba tope.

Tope hilo ndilo lililokuwa mbolea ya mkulima. Maji yalipoondoka alipanda ngano na shayiri. Nyumbani zikafanywa mikate na pombe. Vibarua na askari wa Farao walilipwa kwa vitu hivyo, kwani sarafu hazikuwapo bado.

Serikali nayo haikulala. Katika kisiwa cha Elephantine, karibu na Aswan, kina cha maji kilipimwa penye ngazi za mawe, ili ijulikane mapema mavuno yatakuwaje na kodi itozwe kiasi gani. Pliny, mwandishi wa Kirumi, alieleza kuwa dhiraa 12 zilikuwa njaa na 16 furaha. Basi takriban mita mbili tu za maji ziliamua kama watoto watashiba! Nayo yakizidi mno, yalibomoa nyumba za udongo.

Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970. Tangu hapo tope hunaswa nyuma ya ukuta wake, na mkulima wa Misri hununua mbolea ya viwandani.