Mcheza Kwao Hutunzwa. Mtunga Fumbo Je?

Jioni hupenda kuketi hapa Riruta, kando ya Barabara ya Naivasha, penye kibanda cha chai ambapo vijana hucheza drafti kwa vizibo vya soda. Wiki iliyopita mmoja wao alikuja na sataranji, akanitaka tushindane. Nikampangia kete nne tu: wafalme wawili na mawaziri wawili. Nikampa na sharti za kale: waziri huenda mshazari hatua moja, na mfalme aliyeachwa peke yake ameshindwa. Nikamwambia, "Mweupe anaanza, na anashinda. Nionyeshe njia."

Alikuna kichwa nusu saa nzima, kisha akaniuliza, "Na huyu aliyeleta taabu hii alilipwa ngapi, mzee?"

Wasomaji wapenzi, swali hilo sikulijibu vyema siku ile. Nalijibu leo.

Aliyetuachia fumbo hilo ni Abu Bakr as-Suli, mwanachuoni wa Baghdad aliyekusanya diwani za washairi na kuandika vitabu vya sataranji. Khalifa al-Muktafi, aliyetawala tangu 902 hadi 908, alimkutanisha na al-Mawardi, bingwa kipenzi wa kasri, na as-Suli akamshinda. Hapo alitunzwa kweli kweli. Lakini makasri hugeuka. Mwisho wake alikimbilia Basra, akafa huko mafichoni yapata mwaka 946.

Ushindi wake wa kasrini leo ni hadithi tu. Kilichobaki hai ni mansuba, yaani mafumbo ya mwisho wa mchezo, ambapo kete chache hupangwa na mwenye akili hutakiwa aitafute njia. Hilo la kete nne huitwa Almasi ya as-Suli. Alijigamba kwamba hapana awezaye kulifumbua ila aliyefunzwa naye. Waama, lilikaa zaidi ya miaka elfu moja, hata Yuri Averbakh, bingwa wa Kirusi, akalifumbua katika miaka ya 1980.

Watungaji wa namna hii aghalabu hawana kikombe wala shangwe. Alexei Troitzky, aliyetukuka kuliko wengi katika fani hii, alikufa kwa njaa Leningrad mwaka 1942, mji ulipozingirwa vitani. Mafumbo yake yangali yakisomeshwa.

Mwalimu wetu wa chuoni kule pwani alikuwa akituonya kuwa michezo hii ni kupoteza wakati. Namheshimu, na Imamu Shafi mwenyewe aliihesabu sataranji kuwa makuruhu, ijapokuwa si haramu madamu hamna kamari. Lakini kutunga si kucheza. Mchezaji humtafuta wa kumshinda. Mtungaji humtafuta wa kumwelewa, hata kama hajazaliwa. Ndivyo tufanyavyo sisi malenga: mmoja hufumba gazetini, na mwingine asiyemjua, wa mji wa mbali, humfumbulia kwa beti. Nani kati yetu alipata kujenga nyumba kwa kazi hiyo? Wala hatukuacha.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenye vilabu vya sataranji katika shule zetu: mara moja kila muhula, kiwekeni kando kikombe. Wapeni watoto kete tano, muwaambie watunge. Tumewafunza kushinda, hatujawafunza kuacha kitu nyuma yao. Na nyinyi wahariri, toeni kijinafasi ukurasani, kama mlivyotutolea sisi washairi.

Yule kijana nikamwambia hivi: hakulipwa hata senti moja, na wewe umeketi naye nusu saa baada ya miaka elfu.

Jana jioni alinijia na fumbo lake mwenyewe. Lilikuwa na tundu, nikalivunja kabla chai haijapoa. Alinuna, akakusanya kete zake, akasema atarudi Jumamosi. Namngoja.